Kizunguzungu cha mkekani na kizunguzungu cha kitandani: je, shingo ndiyo yenye lawama?

Swali limeletwa na dada wa Wete, Pemba, mwenye umri wa miaka 44. Nimelifupisha, maneno ni yake:

«Assalaam alaykum. Mimi nashona kofia za viua. Nikimaliza kazi za asubuhi nakaa mkekani hadi adhuhuri, na usiku watoto wakilala naendelea. Sasa ni miezi mitano naona kizunguzungu. Nikiinamia kofia kwa muda halafu nikainua kichwa, najihisi naelea, nikisimama nashika ukuta, na kisogo kinavuta mpaka nyuma ya jicho. Nikitoa salamu mwisho wa sala, hasa upande wa kulia, hunijia hivyo hivyo. Tena alfajiri nikigeuka kitandani chumba chote kinazunguka, halafu kinaacha. Presha na sukari nimepimwa, ni nzuri. Eksirei imeonyesha pingili za shingo zimesagika, nikapewa kola na vidonge vya sinarizini, navimeza hadi leo. Jirani anasema mshipa wa shingo umebanwa, damu haipandi kichwani. Mama mkwe anasema ni upepo mbaya. Mpwa wangu ni kinyozi, anataka anizungushe shingo mara moja ilie, anasema itaachia. Na mimi nina oda ya kofia za sikukuu. Nifanye nini?»

Waalaykum salaam, dada yangu, na pole sana. Umenieleza vizuri kuliko wagonjwa wengi wanavyonieleza ana kwa ana, na kwa sababu hiyo naweza kukwambia kitu ambacho pengine hujaambiwa: una vizunguzungu viwili, si kimoja. Hicho cha mkekani, cha kuelea na kisogo kuvuta, kinafanana sana na kizunguzungu kinachotokana na shingo. Hicho cha kitandani, cha chumba kuzunguka kisha kuacha, kinafanana na ugonjwa wa sikio la ndani. Kila kimoja kina dawa yake, na ukivichanganya utatibu shingo mwaka mzima huku sikio linakungoja kila alfajiri.

Nianze na shingo, maana ndiyo uliyoiulizia na ndiyo inayoeleweka vibaya zaidi.

Mwili haujui wima wake kwa kiungo kimoja. Ubongo hupokea habari kutoka sehemu tatu: macho yanayoona, sikio la ndani linalohisi kichwa kinavyogeuka na kuinama, na misuli na viungo vinavyoeleza mwili umekaaje. Habari zikiafikiana, huhisi chochote. Zikipingana, unapata kizunguzungu na kichefuchefu. Ushawahi kupanda boti ya Unguja ukakaa ndani, dirisha huna, na bahari imechafuka? Macho yanaona viti vimetulia, sikio linasema tunapanda na kushuka, na ubongo hauna wa kumwamini. Ukitoka nje ukautazama upeo wa bahari, unapata nafuu, kwa sababu macho na sikio yamerudi kusema jambo moja.

Shingo inaingia katika kundi lile la tatu, na ina uzito mkubwa kuliko goti au kiuno. Weka vidole vyako chini kidogo ya kisogo, pale fuvu linapokutana na shingo, bonyeza polepole. Chini ya vidole vyako, kila upande, kuna misuli minne midogo iliyounganisha fuvu na pingili mbili za juu za shingo. Nguvu yake ni ndogo, lakini imejaa vihisio vya mkao, na kwa ukubwa wake ni misuli michache sana mwilini inayoifikia. Mishipa ya fahamu ya pingili tatu za juu hupeleka habari hizo kwenye shina la ubongo, pale pale zinapofika habari za sikio la ndani na zinapopangwa harakati za macho. Bila ya habari hiyo ubongo usingejua kama kichwa peke yake kimegeuka au mwili mzima umegeuka.

Misuli hiyo ikichoka, ikikakamaa au ikiuma, hupeleka habari mbovu. Sikio linasema kichwa kimeinuka hivi, macho yanakubali, shingo inasema vingine. Hapo ndipo unapoelea. Mwaka 1977 watafiti walidunga sindano ya ganzi ndani ya shingo za watu wazima wenye afya yao, na watu hao wakaanza kuyumba na kuhisi wanaangukia upande. Masikio yao yalikuwa mazima, na kilichonyamazishwa ni shingo tu.

Kwa hiyo jirani yako hakukosea kuitazama shingo, ila kwenye damu hakupatia. Ubongo hulishwa na mishipa minne mikubwa: miwili ya mbele ya shingo, na miwili ya nyuma inayopita katika matundu ya pingili. Yote minne huungana chini ya ubongo, hivyo mmoja ukibanwa kidogo unapogeuza kichwa, mingine hufidia. Kuziba kwa kweli kwa mishipa ya nyuma kupo, ni ugonjwa mzito, lakini mara nyingi hakuji na kizunguzungu peke yake. Nitazieleza dalili zake mbele kidogo, na naomba usiziruke.

Sasa tuutazame mkao wako. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4.5 hadi 5. Kikiwa wima, mifupa ndiyo inayobeba. Kikiinama mbele, misuli ya nyuma ndiyo inayokizuia kisianguke. Hesabu moja ya mwaka 2014, ambayo imezunguka sana kwenye simu za watu, ilisema kichwa kilichoinama nyuzi 60 huitwika shingo mzigo wa takriban kilo 27. Hiyo ni hesabu ya kompyuta, haikupimwa kwenye shingo ya mtu, na sipendi itumiwe kuwatisha watu. Shingo imeumbwa iiname. Kinachoichosha ni kuinama bila kubadilika, saa kwa saa, na kofia ya viua inataka hivyo hasa: tundu dogo, sindano nyembamba, uzi wa rangi moja na kitambaa, na macho yasitoke.

Kuna jambo jengine ambalo washonaji wengi hawalioni. Unapokaa mkekani mgongo umepinda na kichwa kimeinama, kisha mtoto akakuita ukamtazama bila kunyoosha mgongo, kidevu chako hutoka mbele na fuvu hulala nyuma juu ya shingo. Misuli ile midogo ya chini ya kisogo, ambayo saa nzima ilikuwa imevutwa, sasa inabanwa ghafla. Umesema mwenyewe kwamba kizunguzungu huja *unapoinua* kichwa. Jaribu leo: kabla ya kuinua kichwa, nyoosha kwanza mgongo kuanzia kiunoni, kifua kikija mbele, kisha ndipo uinue macho. Wengi huona tofauti siku hiyo hiyo.

Na nikuulize, umepimwa macho? Una miaka 44. Huu ndio umri ambao watu wengi huanza kushindwa kuona vitu vya karibu, na mshonaji hajui kwamba macho yamebadilika, yeye huona tu kwamba anasogeza kichwa, anatafuta mwanga, anakaza mabega. Nimeona shingo ambazo hazikutulia kwa mazoezi yoyote mpaka mwenyewe alipopata miwani ya kusomea. Kwa mshonaji wa umri wako naiweka miwani mbele ya kola, mbele ya mafuta ya kuchulia, na mbele ya vidonge.

Lazima niwe mkweli kuhusu hili: hakuna kipimo kimoja kinachothibitisha kizunguzungu cha shingo. Madaktari wawili wa Uingereza, Ryan na Cope, walikiandika mwaka 1955, na mpaka leo wapo mabingwa wanaokitilia shaka. Tunakifikia kwa kuondoa mengine kwanza. Presha yako ilipimwa umekaa, nina hakika. Ipimwe tena umelala, kisha umesimama ndani ya dakika tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au ya chini kwa 10, tuna maelezo mengine ya kushika kwako ukuta. Pimwa na wingi wa damu pia, hasa kama hedhi yako ni nzito. Haya yakiwa sawa, na kizunguzungu kikawa kinakwenda na maumivu ya shingo, kinaanza shingo ikitumika na kinapoa shingo ikipoa, na hakizungushi chumba bali kinakufanya uelee au uyumbe, basi shingo inashika nafasi ya kwanza.

Salamu ya sala imenisaidia kidogo tu, kwa sababu ukigeuza kichwa kulia unageuza shingo na sikio kwa pamoja, na hatujui nani amelalamika. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo hutenganisha hivi: anakukalisha kwenye kiti kinachozunguka, anakishika kichwa chako kisitikisike hata kidogo, kisha mwili ndio unaogeuzwa chini yake. Sikio halijasogea, shingo imejipinda. Kizunguzungu kikija hapo, shingo imejitaja. Ukijaribiwa mkao huu na hakuna kitu, tutaitazama vyengine hiyo salamu yako ya kulia.

Sasa kitandani. Ndani ya sikio kuna chembe ndogo za chokaa, zina mahali pake. Zikitoka zikaingia kwenye mirija ya majimaji inayohisi kuzunguka, kila unapogeuka zinateleza na kuudanganya ubongo kwamba unazunguka kwa kasi. Chumba huzunguka, kwa kawaida chini ya dakika moja, kisha chembe zikitulia nacho hutulia. Huja ukigeuka kitandani, ukilala chali, ukitazama juu kuanika nguo au kuangua kitu. Daktari au mtaalamu aliyefunzwa hulithibitisha kwa kukulaza haraka kichwa kikiwa kimegeuzwa huku akiyatazama macho yako, maana macho hucheza kwa namna yake. Akishajua upande, hukigeuza kichwa kwa hatua kadhaa kuzirudisha chembe mahali pake. Ni kazi ya dakika chache, na watu wengi hupona kwa mara moja au mbili. Dawa ya kumeza hairudishi chembe.

Na hapa nadhani ndipo hadithi yako ilipofungana. Mtu aliyezungushwa na chumba alfajiri huanza kuiogopa shingo yake. Anageuka mwili mzima akiitwa, analala upande mmoja, anatembea mabega yamepanda. Baada ya wiki kadhaa shingo imekakamaa kweli, na shingo iliyokakamaa inazalisha kizunguzungu chake yenyewe. Kwa mpangilio huo, ningelianza na sikio, maana ni la haraka, kisha shingo.

Eksirei isikutishe. Huko Japani, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, watu zaidi ya 1,200 wasio na ugonjwa wa shingo walipigwa picha za MRI, zile za mashine ya sumaku, na karibu 9 kati ya kila 10 walikutwa na diski, yaani mito laini iliyo kati ya pingili, zilizotuna. Wazima, wanatembea na shughuli zao. Pingili kusagika kidogo katika umri wako ni kama kuota mvi, na picha hiyo haitwambii kizunguzungu kinatoka wapi.

Kola ivue. Nasema hivyo kwa kuwa hukuanguka wala hukupata ajali. Shingo inayofungwa wiki kwa wiki hulegea misuli na hupoteza zaidi zile habari tunazotaka zirudi. Sinarizini hufaa kwa siku chache za kizunguzungu kikali. Kuimeza miezi ni jambo jengine: inautuliza ubongo kiasi cha kuuzuia kujirekebisha, na ikitumika muda mrefu inaweza kuleta mtetemeko na ukakamavu wa viungo, hasa kwa wazee. Rudi kwa aliyekuandikia, mwambie umekaa nayo kwa muda gani, mpange kuiacha.

Mpwa wako mwambie kwa upole: hapana. Kuizungusha shingo kwa kishindo kunaweza, ingawa ni nadra, kuuchana ukuta wa ndani wa ile mishipa ya damu ya nyuma, na matokeo yake ni kiharusi kwa mtu ambaye aliingia kunyolewa akiwa mzima. Mlio ule si dalili ya mfupa kurudi mahali pake. Kuna matibabu ya mkono ambayo ni mazuri: kusukuma viungo vya shingo polepole, bila kishindo, mgonjwa mwenyewe akigeuza kichwa. Majaribio ya Australia yaliyochapishwa mwaka 2008 na 2014 yalionyesha yanapunguza kizunguzungu cha shingo kuliko tiba ya kujifanya. Hiyo ni kazi ya aliyesomea, baada ya kukupima.

Na mama mkwe, dada yangu, usibishane naye. Akitaka usomewe, somewa. Kisomo hakigombani na matibabu. Mwombe tu aridhie uende hospitali pia.

Zile dalili nilizoziahidi ni hizi. Kizunguzungu kikija ghafla pamoja na ulimi kuwa mzito, kuona vitu viwili viwili, uso kupinda, mkono au mguu kuishiwa nguvu au kufa ganzi, kushindwa kumeza, au kushindwa kabisa kusimama, hiyo si ya kulala usubiri asubuhi. Hivyo hivyo maumivu mapya makali ya shingo au kichwa ambayo hujawahi kuyapata, kuzimia moyo ukienda mbio, sikio moja kuziba kusikia ghafla, au kizunguzungu baada ya kuanguka kwenye vespa. Hapo ni hospitali muda huo huo, usiku au mchana.

Ikiwa huna hata moja katika hizo, na umeshapimwa, anza nyumbani.

Kazi yako iinue ikufuate, usiifuate wewe. Kaa mgongo ukiegemea ukuta, weka mto mnene mapajani, kofia iwe juu ya mto na viwiko vipumzike juu yake. Mwanga utoke ubavuni, karibu na mlango. Na uzi wako uwe ndiyo saa: kila uzi wa sindano unapokwisha, usitunge mwengine kabla hujasimama, ukazungusha mabega na kugeuza shingo kulia na kushoto taratibu. Nimeuchagua uzi kwa sababu mshonaji husahau saa, lakini uzi haumruhusu kusahau.

Asubuhi na jioni, lala chali na mto mwembamba. Teremsha kidevu kidogo sana kuelekea kooni, kichwa kisinyanyuke mtoni. Weka vidole mbele ya shingo: mishipa na misuli ya juu juu ikitutumka, umetia nguvu nyingi, punguza. Shika kwa sekunde tano hadi kumi, achia, rudia mara kumi. Linaonekana si zoezi. Ndilo linaloamsha misuli ya ndani ya mbele ya shingo, na hiyo ikifanya kazi yake ile ya kisogo inapumzika.

La pili ndilo ninalolipenda, kwa sababu linarudisha zile habari zilizoharibika. Tafuta tochi ya kufunga kichwani, ile wanayotoka nayo wavuvi usiku. Kaa sentimita 90 kutoka ukutani, mwanga uelekee mbele, na weka alama pale ulipotua. Funga macho, geuza kichwa kulia polepole, kirudishe unapodhani ndipo katikati, fungua macho. Ukikosea mara kwa mara kwa zaidi ya sentimita 7, shingo yako haijui iko wapi. Fanya mara sita kila upande, kila siku, na uone alama zinavyosogea karibu. Watoto watataka kushindana nawe, waache.

Kisha shika kidole gumba mbele ya uso, kikazie macho, na tikisa kichwa kulia na kushoto taratibu kwa nusu dakika, umekaa. Kizunguzungu kidogo hapa kinaruhusiwa, madhali kinapoa ndani ya dakika chache. Kikikaa saa nzima, umezidisha.

Kitambaa cha maji ya moto kisogoni ni kizuri, na kukandwa kwa mkono laini ni kuzuri. Mafuta ya karafuu yachanganye na mafuta ya nazi mengi, matone machache tu, kwani yakiwa matupu yanababua ngozi. Kinachosaidia zaidi ni mkono unaokanda.

Ipe shingo wiki nne hadi sita kabla ya kuamua kwamba haikusikia. Ukienda hospitali ya Wete, sema wazi: «Nina kizunguzungu cha kuelea nikishona, na cha kuzunguka nikigeuka kitandani,» na uombe upimwe sikio kwa kulazwa, presha kwa kusimama, kisha upelekwe kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Wiki hii andika kwenye karatasi kila kinapokuja: ulikuwa unafanya nini, kilizunguka au kilielea, kilikaa kwa muda gani. Karatasi hiyo itamsaidia daktari kuliko ile eksirei.

Na oda ya sikukuu, shona. Huna sababu ya kuiacha. Igawe tu: vipande vifupi mchana ambapo mwanga upo, na ile kazi ya usiku ya viua vidogo ipunguze mpaka upate miwani. Kama kuna binti au jirani anayeweza kukusaidia sehemu ya kazi, mpe sehemu yenye matundu madogo zaidi, wewe ubaki na ile isiyokulazimisha kuinamisha kichwa sana.